Bakuli Lenye Ufa

Mama Nungunungu alikuwa akimenya viazi vikuu Kanga alipoingia mbio.

"Shoga, Simba anahesabu watu! Akikosekana mmoja, shimo linachomwa."

Kanga akakimbilia kwake. Mama akaendelea kumenya. Mwanawe mkubwa alikuwa msituni na wapiganaji, waliochukua miba yao kwenda kumfukuza Simba, aliyetoka ng'ambo akatwaa mashamba yao.

Mlinzi aliyetumwa kuhesabu shimoni mwa Mama alikuwa Ngedere, yatima aliyelelewa humo humo, kisha akafuata mshahara wa Simba.

"Shikamoo mama. Watoe nje niwahesabu."

"Marahaba. Umesahau kwamba hapa watoto hawahesabiwi kwa kunyooshewa kidole? Hesabu mabakuli."

Akapakua chakula. Mabakuli yalikuwa sita, sawa na idadi ya watu wa shimo hilo katika orodha ya Simba. Lakini Mama na watoto walikuwa watano tu.

"Na hili la sita?" Ngedere akashika filimbi yake. "Ni la yule wa msituni, sivyo?"

"La msituni lilishakwenda msituni. Hili ni lako. Ufa huo uliutia mwenyewe, ukigombania ukoko. Nakupakulia kila jioni, chakula kinapoa, namwaga."

Ngedere akaligeuza bakuli, akauona ufa.

Nje, Simba akanguruma, "Ngedere! Wangapi humo?"

Ngedere akavua kofia ya ulinzi, akaketi kati ya wadogo zake.

"Sita, Bwana! Wote wapo, wanakula."

Nyayo za Simba zikasikika zikiondoka. Ngedere akapeleka mkono bakulini, Mama akaupiga kofi.

"Nawa kwanza."