Kicheko cha Mwanakheri

Sauti ikishatiwa kwenye wimbo, sheria ilisema, ni mali ya wimbo. Mwenyewe haruhusiwi kuitoa tena. Kicheko cha Mwanakheri kilinaswa arusini kwa wifi yake, kikatiwa kwenye wimbo wa singeli, mji mzima ukakicheza. Tangu hapo mumewe akitania, yeye huuma pindo la kanga mpaka machozi yamtoke, jicho likiwa kwenye kidude cha ukutani kinachosikiliza.

"Cheka kidogo tu, mama Rukia."

"Unataka waje kunichukua?"

Mumewe akageukia mkekani, akamchezea mtoto kwa kujificha nyuma ya ungo na kuchungulia. Rukia, miezi minne, akacheka kwa mara ya kwanza maishani. Kilikuwa kicheko kile kile cha mama yake, hata mkwaruzo wa mwisho.

Mwanakheri alimrukia, akamziba mdomo. Ukutani, taa nyekundu ya kidude ilikuwa imeshawaka.