Nguchiro na Kakakuona Kwenye Mbio za Magari

Zama hizo wanyama walishindana kwa magari bila kofia wala mikanda, na wengi wao walikuwa wamejifunza kushika usukani juzi tu. Nguchiro alimpita Kakakuona akicheka: “Mzee, wewe utafika kesho!”

Kwenye kona gari lake likapinduka, likamtupa katikati ya njia, mguu umevunjika. Magari ya nyuma yakaja bila kupunguza mwendo. Akafumba macho.

Mara Kakakuona akaruka kutoka garini mwake, akamkumbatia, akajikunja naye. Magurudumu yakayagonga magamba yake, yakapita.

Vumbi lilipotua, Nguchiro aliyatazama magamba yaliyopasuka, machozi yakamlengalenga.

“Mzee, hukuogopa?”

“Niliogopa sana, mwanangu. Hukusikia moyo wangu ukidunda?”

Nguchiro alikuwa ameusikia. Alidhani ni ngurumo ya magari.