Pua ya Makokha

Naliaka alimwuliza mwenye duka wiski ya bei ya chini inanuka nini.

Mhindi yule akacheka. Alikuwa amekwisha kumweleza kwamba bei zimepanda tena, na kwamba ile nzuri, ya maofisa, hataiweza. "Mama, wewe unakunywa au unanusa?" Hata hivyo alimjibu. Ile ya chini inanuka kibiriti kilichozimwa sasa hivi.

Naliaka akainunua, akaifunga ndani ya leso. Njia nzima kutoka Nakuru kurudi shambani kwa mzungu hakugeuka nyuma, ingawa alihisi kuna mtu anatembea naye.

Wiski haikuwa wazo lake. Ni Wepukhulu, shemeji yake, aliyeitaka kwa chakula cha Krismasi. Makokha, mume wa Naliaka, alikuwa akihudumia meza ya maofisa jeshini, ng'ambo katika nchi ya Malaya. Alipokuja likizo aliwachekesha wote: akifungwa macho, aliitaja wiski kwa kunusa tu. Kisha jeshi likamwachia, na hakuonekana tena. Mwezi huu mtu mwenye sura yake alipita kambi ya wafanyakazi kuomba maji, na majirani wakashangilia kwamba Makokha amerudi, wakamwingiza kwa Naliaka.

Wepukhulu hakushangilia. Alileta chupa tupu ya ile wiski nzuri, iliyotupwa na mzungu, akamwagiza Naliaka atie ya bei ya chini ndani yake.

"Akiisifu, shemeji, si yeye," alisema. "Tutamfukuza, na wewe utahamia kwangu. Mila ni mila. Wake zangu wamekwisha kukufagilia pembe."

Naliaka alisema amesikia.

Siku ya Krismasi kuku alikuwa mezani, na majirani wamebanana hadi mlangoni. Wepukhulu alimimina mwenyewe, akiigeuza chupa ili maandishi yaonekane.

"Karibu, ndugu yangu. Ni ile yenu ya maofisa."

Mtu yule aliinua glasi, lakini hakunywa. Alinusa, akafumba macho, akanusa tena. Kuni zilisikika zikipasuka jikoni.

"Nani amewauzia takataka hii?" alisema. "Inanuka kibiriti."

Wepukhulu alimwangukia shingoni, akalia kama mtoto, akiomba msamaha kwa kumtamani mke wa ndugu aliye hai. Wanawake wakapiga vigelegele.

Naliaka alijimiminia kidogo, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kwenye tuta la mboga, pale alipomzika Makokha kwa siri, kwa mikono yake, mvua za masika zilipoanza, aliimwaga polepole, upande wa kichwa.

Yule wa ndani, aliyemfundisha neno moja tu, kibiriti, alikuwa bado hajamwuliza Naliaka anaitwa nani.