Milio Miwili ya Jumapili

Nohelia alifuta namba ya kliniki kwenye mtambo wa kazini, akaandika ya kaka yake, akampigia mama yao. Mlio wa kwanza. Wa pili. Akakata. Kisha akairudisha namba ya kliniki mahali pake, akanywa kahawa iliyokwisha kupoa.

"Bwana gani huyo?" Yadira wa meza ya jirani akamchokoza. "Kila Jumapili ni wewe tu wa kubipu. Mwambie na yeye anunue salio."

Nohelia akamjibu kwamba bwana mwenyewe hata simu hana. Yadira akacheka mpaka msimamizi akageuka.

Kazi ya Nohelia pale San Pedro Sula ilikuwa hiyo, kuweka namba itakayoonekana kwenye simu ya anayepigiwa. Kampuni iliwapigia simu wateja wa kliniki za meno na maduka ya magodoro ya Marekani, na mtu wa Texas akiona namba ya Honduras hapokei. Basi kila kliniki na kila duka lilikuwa na namba yake, na Nohelia ndiye aliyeziingiza kwenye mtambo kabla wenzake hawajaanza kupiga. Mtambo haukuuliza namba ni ya nani. Ulionyesha ulichoambiwa.

Olvin, kaka yake, alipoondoka kwenda kaskazini aliagana na mama kama wanavyoagana vijana wote wa mtaa wao wa Choloma: kila Jumapili nitabipu, milio miwili, usipokee, ujue niko hai. Alibipu akiwa Guatemala. Alibipu akiwa Meksiko. Halafu Jumapili moja simu ikanyamaza, na iliyofuata, na nyingine tena. Ukiipiga namba yake, sauti ya mwanamke inakwambia haipatikani. Mama akaacha kula. Alikaa mlangoni simu mapajani, akawa anakwisha kama kipande cha sabuni.

Jumapili Nohelia alipoiandika namba ile kwenye mtambo kwa mara ya kwanza, alirudi nyumbani akakuta tortilla, zile chapati za mahindi, ziko kwenye kikaango na maharage yanatokota.

"Kaka yako amebipu," mama akasema, akampa sahani. Mwenyewe akajipakulia.

Tangu hapo ikawa desturi. Simu ikilia, mama anawasha moto. Nohelia akiingia, tortilla zinaepuliwa. Juma Kuu, zamu yake ilipohamishiwa asubuhi, Olvin naye akabipu asubuhi, na chakula kikaliwa mapema. Mama hakuuliza. Hakuwahi kupokea simu ile wala kujaribu kuipiga. Makubaliano ni makubaliano. Majirani wakimuuliza habari za kijana, anawaambia kwamba kwake simu inalia, ashukuriwe Mungu.

Nohelia hakuona furaha wala aibu. Ilikuwa kama kulisha kuku. Alichojua ni kimoja tu: siku simu isipolia, mama ataacha kula tena, na safari hii hana mwili wa kupunguza.

Ndipo injinia Selvin akamwita ofisini. Wakubwa walikuwa wakizipitia namba zote zilizotoka kwenye mtambo, maana siku hizi kule Marekani simu inayobeba namba isiyokuwa ya mpigaji inazuiwa, na kampuni inatiliwa shaka. Akamgeuzia kompyuta.

"Hii ni ya mteja gani?"

"Si ya mteja, injinia. Ni ya kaka yangu."

"Na yeye anajua kwamba unaitumia?"

Nohelia akaisoma namba ile tena. Akasema hadhani.

Injinia akajikuna shavu. Akasema kama Nohelia angekuwa amewapigia mashangazi zake bure, yeye angejifanya hajaona. Lakini kupiga kwa namba ya mtu wa nje ni kosa ambalo yeye hana uwezo wa kulisamehe. Akaomba beji. Nohelia akaichomoa, akauliza kama anaweza kubaki na kamba yake, ile ya shingoni. Injinia akasema chukua.

Jumapili akaivaa ile kamba, ncha yake akaichomeka mfukoni mwa blauzi kana kwamba beji imo, akamuaga mama na kwenda zake mjini kama siku zote. Akakaa kwenye benchi la muuza baleada, chapati za kukunjiwa maharage, karibu na kituo cha basi. Muuzaji alimtania kwamba akiendelea kulitazama jiko hivyo atalipishwa moshi. Saa ya kubipu ilipofika alitoa simu yake mwenyewe, akaiangalia, akairudisha mfukoni. Simu ya mkononi haijui kujiita kwa namba ya mtu mwingine.

Njiani akapanga maneno. Atasema mtandao. Atasema kule kaskazini wanafanya kazi hata Jumapili. Ataukanda unga yeye mwenyewe, amshike mama mkono, amlishe tonge kwa tonge ikibidi.

Alimkuta mlangoni, simu mapajani. Jiko lilikuwa baridi. Unga ulikuwa umekwisha kukandwa, umefunikwa kitambaa, unasubiri.

Nohelia akaketi kando yake kwenye kizingiti. Akaanza kusema habari za mtandao, kwamba huenda kule aliko Olvin mvua imeangusha nguzo, mama, na watu wengi leo wamelalamika.

Mama alimwacha amalize. Hakuitazama kamba ya shingoni. Aliitazama simu, akaigeuza kifudifudi, akamwekea binti yake mkono gotini.

"Wamekufukuza kazi lini, mwanangu?"