Mikwaruzo ya Alhamisi

Mkwaruzo wa nne Hector aliuona bandani Alhamisi asubuhi, kitambaa cha kufutia pikipiki kikiwa mkononi. Ulikuwa kwenye chuma cha kushoto, mrefu kama kidole, umeshika rangi ya njano. Hakukumbuka kuanguka. Wala hakukumbuka kupita mahali penye rangi ya njano.

Vyuma vile hakuvitaka tangu mwanzo. Ni mkewe, Effie, aliyevinunua baridi ilipoisha na kumwekea mezani karibu na chai: viwili, vizito, vya kufungwa ubavuni kukinga injini.

"Mtu anafunga vitu hivi akishapanga kuanguka," Hector alimwambia. "Miaka thelathini na moja nakupakia. Nimekuangusha lini?"

"Funga tu, mume wangu. Kwani vinakula nini?" Kisha akauliza, "Na pikipiki ikilala, mtu wa kimo changu ataweza kuiinua?"

"Na vyuma hivi hailali chini kabisa, inaegemea tu. Hata Sadie, mke wa Murdoch, angeiinua."

Akavifunga, yaishe. Alijua mkewe anawaza nini. Vidole vya Hector vilikuwa vimeanza kukakamaa, na zipo asubuhi ambazo Effie ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Na Oktoba haikuwa mbali. Kila Oktoba, majani ya milimani yakishageuka mekundu, wawili hao walizunguka kisiwa chote cha Cape Breton, yeye mbele, Effie nyuma na biskuti za oti mfukoni. Safari hiyo ndiyo iliyokuwa sikukuu yao.

Sasa mikwaruzo minne. Na mita nayo ilikuwa na lake la kusema: kilomita kumi na moja zaidi ya zile alizoziacha Jumapili. Funguo hutundikwa kwenye msumari wa mlangoni, na nyumbani wapo wawili tu, yeye na Effie, ambaye hata gari hakuwahi kujifunza kuendesha. Popote alipokwenda, Sadie ndiye aliyempeleka.

Hector aliketi juu ya ndoo akamkumbuka baba yake. Mzee Ranald alianza hivi hivi, kidogo kidogo. Alitoka alfajiri kwenda kukamua ng'ombe waliouzwa miaka kumi nyuma, na mwisho akawa anamwita Hector kwa jina la mbwa. Maji hufuata mkondo. Hector aliogopa, tena aliogopa sana, lakini hakumwambia mtu.

Jumatano iliyofuata rafiki yake Murdoch alimpitia na gari baada ya chakula cha mchana, kama kila Jumatano, wakacheze karata. Hector alicheza ovyo mpaka jioni.

"We Hector, mbona unatupa karata kama unalisha kuku?" Murdoch alimtania. "Au ndiyo unamfuata mzee Ranald?"

Meza nzima ilicheka. Hector naye alicheka, kwa kuchelewa.

Kesho yake asubuhi mkwaruzo wa tano ulikuwapo. Mita ilikuwa imeongeza kilomita tisa. Alipoingia jikoni alimkuta Effie amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono.

"Nimeteleza kwenye ngazi za kanisa," Effie akasema kabla hajaulizwa. "Na wewe, uso huo vipi? Umefiwa?"

"Sijalala vizuri, mke wangu."

Alirudi bandani akafunga mlango, akalia. Hakulilia pikipiki. Alikuwa anamwona Effie nyuma yake kwenye ile kona ya juu ya bahari, mikono imemzunguka kiunoni, akimwamini. Mtu anayeanguka na asikumbuke ataanguka tena. Vyuma vitakinga injini, lakini mwanamke aliyeketi nyuma havimkingi. Siku hiyo hiyo akampigia simu mtu wa Sydney, mji wa kisiwani hapo hapo, aliyekuwa akiitamani pikipiki ile miaka mingi.

Mtu huyo alikuja na trela Ijumaa, Sadie alipokuwa amempeleka Effie mjini kwa daktari wa meno. Alipiga magoti akapitisha kidole juu ya vyuma.

"Vimefanya kazi yake hivi, mzee. Injini haina hata alama," alisema. "Na mikwaruzo yote ni ya kuanguka polepole, mwendo wa kinyonga. Ilikuwaje?"

"Uzee," Hector akajibu, akamkabidhi funguo.

Trela lilipopotea nyuma ya kanisa, alirudi jikoni. Akabandika maji ya chai. Alikuwa amepanga maneno: angemweleza yote, mzee Ranald na mikwaruzo, na kwamba afadhali wakae nyumbani wazima wote wawili.

Effie aliingia bila kuvua koti. Mashavu yalikuwa mekundu kwa upepo, na viatu alivyovaa vilikuwa vile vizito vya theluji, wakati theluji haijaanguka.

"Effie, keti. Nina neno."

"Nina langu kwanza, nimelibeba tangu majira ya kuchipua." Alitoa kadi mpya mfukoni akaiweka mbele yake kwa mkono wenye kitambaa. Hector aliona picha ya mkewe, na chini yake mchoro mdogo wa pikipiki.

"Daktari wa meno ilikuwa uongo, leo nimefaulu mtihani kwa pikipiki yao. Usiniulize yetu nimeiangusha mara ngapi kwenye uwanja wa kanisa, pale penye nguzo za njano," Effie alisema. "Sadie anajua, maana ndiye aliyenisaidia kuiinua, kila Jumatano. Mikono yako imechoka, mume wangu. Oktoba hii wewe utakaa nyuma."

Akageuka, akanyoosha mkono kwenye msumari wa funguo, pale mlangoni.