Foku ya Tisini na Nne

Nyii. Kimya kidogo. Nyii tena.

Enid alifumbua macho gizani, kabla jogoo wa jirani hajawika. Hakuuliza ni nini. Mumewe, Kosiya, alikuwa ameshapanda baiskeli.

Akaamka, akawasha sigiri, akachemsha chai ya tangawizi. Ilipoiva, Kosiya alikuja jikoni akihema, jasho likimtiririka usoni. Enid akamfuta kwa ncha ya kitenge.

"Umefika wapi leo?"

"Muhokya. Upepo ulikuwa mbaya."

"Pole, Baba Ronah."

Kila asubuhi alimuuliza hivyo, na kila asubuhi alimpa pole. Lakini siku hiyo alikuwa na neno la ziada.

"Ronah anakuja Jumapili na mtoto mchanga. Hiyo nyii-nyii yako ikimwamsha mjukuu wangu, baiskeli inakwenda soko la Bwera."

Kosiya akaweka kikombe chini.

Baiskeli ile Kosiya alipewa huko Nyakalengija, chini ya mlima, mwaka 1994, alipokuwa mpagazi. Mgeni mmoja aliteguka mguu huko juu, na Kosiya akambeba mgongoni mpaka chini, akimwimbia njia nzima ili asahau maumivu. Mgeni alipoondoka alimwachia baiskeli yake ya mlimani. Foku yake, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ilikuwa ya kunesa: ukiegemea usukani inabonyea, ukiachia inainuka. Ndani mlikuwa na mpira. Sasa mpira ulikuwa umekauka, na hiyo ndiyo nyii.

Kosiya akaisukuma baiskeli mpaka kwa Bright, fundi wa pale Kasese, ambaye alimtolea foku mpya inayong'aa. Kosiya akaipima kwa vidole, akairudisha.

"Ina kosa gani, mzee?"

"Ndefu. Itainua baiskeli kichwa kama mbuzi anayechungulia shamba la watu. Na breki zangu zitafungwa wapi? Haina hata mahali pake."

"Basi nakuwekea na breki mpya."

"Halafu uniwekee na mke mpya? Baiskeli ni ya tisini na nne, Bright. Foku nayo iwe ya tisini na nne."

Bright akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwambia kwamba Bwera kuna Mkongo anaitwa Philippe, mwenye vyuma vya zamani. "Ila ana roho ngumu. Hampi mtu wa kuweka pambo. Anampa mtu anayepanda." Akajaza upepo magurudumu yote mawili bila kuombwa.

Kesho yake Kosiya aliisukuma baiskeli mpaka njia panda, akaomba lifti kwenye lori la wachuuzi wa samaki linalokwenda Bwera. Utingo akaipakia juu, akamtania.

"Mzee, una baiskeli nzima na bado unaomba lifti?"

"Hii ni ya mlima," Kosiya akamjibu kwa upole. "Si ya lami."

Utingo akavua koti lake, akalikunja, akaliweka chini ya baiskeli isikwaruzwe.

Philippe alikuwa mtu mnene mwenye mikono iliyojaa grisi. Aliizunguka baiskeli, akabonyeza foku yake, ikalia nyii. Kisha akaleta foku nyekundu.

"Nzuri," Kosiya akasema, "lakini hii bado mtoto. Huyu alizaliwa juzi."

Philippe akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akaingia ndani kabisa, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye gunia. Ilikuwa foku fupi, rangi imechubuka hapa na pale, sehemu za kufungia breki za zamani zipo zote. Kosiya akaibonyeza. Ikazama kidogo, ikarudi bila sauti. Machozi yakamlengalenga.

Philippe akaivuta kwake.

"Ngoja, muzee. Watu wanakuyaka hapa, wananunua, wanaenda kutundika ku ukuta. Weye unaipandaka kweli?"

"Kila siku. Kabla jua halijatoka."

"Hata ku mvua?"

"Mvua haijawahi kunizuia."

"Ulishaanguka?"

"Mara moja. Nilivunja vikombe vyote vya mke wangu."

"Aya! Akasema nini?"

"Aliuliza kama nimeumia."

Philippe akaweka foku chini. Akafuta mikono kwenye kaptula yake.

"Huyo mama iko mutu," alisema. "Leta baiskeli."

Bei haikuwachelewesha. Philippe alifunga ile foku taratibu, kama anayemvalisha mtoto viatu, huku wakila viazi vitamu ambavyo Enid alikuwa amevifunga kwenye jani la mgomba. Alikuwa ameweka vya kutosha watu wawili.

"Bon. Panda tuone," Philippe akasema, akashika usukani.

Kosiya akapanda. Alipanda vizuri, mgongo umenyooka, kidevu juu, kama mtu aliyezoea. Akaegemea mbele, baiskeli ikabonyea. Akaachia, ikainuka. Hakuna nyii. Mjukuu angelala mpaka achoke.

"Sasa endesha mupaka pale kwa kanisa, urudi." Philippe akaachia usukani.

Kosiya akadaka nguzo ya kibanda kwa mikono yote miwili.

"Kupanda ndiyo najua, mwanangu," alisema, akiikumbatia ile nguzo. "Kuendesha bado. Huwa napandia sebuleni kwetu, na pale nafasi haitoshi."

Philippe akamtazama, akaitazama foku, akashika tena usukani.

"Foku iko yako, muzee. Lakini kesho urudi hapa. Na ukuye na mama, atashika nyuma."