Jina Juu ya Keki

Umewahi kuoka keki kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko? Ndivyo Bi Mize alivyomwokea mjukuu wake aliyetimiza mwaka. Mtoto huyo aliitwa Jalala ili kifo kimdharau, kwa kuwa kilishawachukua wachanga wawili wa mama yake, Saumu.

"Mama, tusimtangaze," Saumu alinong'ona.

"Nimeshaalika majirani. Wewe na woga wako, sogea nisije nikakumwagia makaa!"

Keki ilipopoa, Bi Mize alichovya kijiti kwenye sukari nyekundu iliyoyeyushwa. "Haya, niandike Jalala?"

Saumu alimtazama mwanawe, aliyesimama kwa kushikilia kanga yake, akalifuta doa la masizi alilokuwa amempaka usoni ili kumkinga na kifo.

"Andika Fadhili, mama," alisema kwa sauti. "Mwanangu anaitwa Fadhili."